Tela Husimamishwa kwa Breki, Si kwa Jiwe

Ndugu mkulima, kama shamba lako liko Mpeketoni katika skimu ya Ziwa la Kenyatta, au Hindi-Magogoni, au upande wa Witu, bila shaka umekwisha kuliona jambo hili. Trekta yavuta tela iliyojaa magunia. Juu ya magunia wameketi watu, na nyuma kabisa yuko kijana aliyeshika jiwe au kipande cha gogo. Trekta ikisimama penye mteremko, kijana huruka chini na kulisukumiza jiwe lile chini ya gurudumu kabla tela haijaanza kurudi nyuma. Watu wamelizoea jambo hili, hata wengine humsifu kijana kwa wepesi wake. Lakini wepesi huo hauna budi kushinda kila siku, na uzito wa tela wahitaji kushinda mara moja tu.

Kijana yule ameshika jiwe kwa sababu breki za tela zimekufa. Mara nyingi hazikufa kwa kuvunjika, bali viatu vyake vimelika, au kutu imevishika, na hakuna aliyefungua kutazama. Somo la mwezi huu lakuonyesha jinsi ya kufungua, kutoa viatu vilivyokwisha, kutia vipya na kuvirekebisha. Ni kazi ya siku moja kwa mtu anayejua kutumia spana, na siku yenyewe yafaa iwe kabla ya mavuno, wakati tela haina kazi nyingi.

LAMI HAIKUSAIDII KUSIMAMA

Katika miaka ya 1970, jamaa wa kwanza walipogawiwa mashamba ya skimu huko Mpeketoni, njia zilikuwa za mchanga wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika. Njia hizo zilichosha sana, lakini mchanga wenyewe ulikuwa breki. Dereva akiachilia mafuta, tela ilisimama peke yake baada ya hatua chache. Sasa barabara kuu itokayo Garsen kupita Witu hadi Mokowe imetiwa lami, na malori yaendayo bandari ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, hupita hapo hapo. Lami haishiki gurudumu kama mchanga. Trekta iliyokuwa ikienda kilomita 12 kwa saa sasa huenda 25 au zaidi, na breki ni zile zile, au hazipo.

Tufanye hesabu kidogo. Magunia 33 ya mahindi, kila gunia kilo 90, ni kilo 2,970, yaani karibu tani 3. Tuseme tela yenyewe ina tani 1. Trekta inayoivuta tuseme ina tani 2 na nusu. Ikiwa tela haina breki, basi breki za trekta, ambazo zilitengenezwa kusimamisha trekta, zapaswa kusimamisha tani 6 na nusu. Mahali ambapo trekta peke yake ingesimama kwa mita 10, sasa itahitaji mita 26 hivi. Na mwendo ukiongezwa maradufu, mwanya wa kusimama hauongezeki maradufu, huongezeka mara nne. Hayo ndiyo wengi hawayajui.

Tena si mwanya tu. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, trekta hupunguza mwendo lakini tela haipunguzi. Tela husukuma trekta kwa nyuma, na kama njia imepinda au ina maji, huigeuza trekta ubavu mpaka vyote viwili vikunjike kama kisu cha mfukoni. Ndiyo sababu dereva mzuri huogopa zaidi tela inayomfuata kuliko shimo lililo mbele yake.

Neno moja kuhusu pamba. Pamba ni nyingi kwa macho lakini uzito wake ni mdogo kuliko wa mahindi au korosho katika tela ile ile. Dereva aliyebeba pamba miezi miwili huzoea tela inayotii. Siku anapopakia mahindi, mchanga au mawe ya kujengea, huendesha kwa mazoea ya pamba, na hapo ndipo huona kwamba breki zake zilikuwa zimekufa tangu zamani.

TELA YAKO INA BREKI YA NAMNA GANI?

Lala kifudifudi, tazama ekseli. Kama nyuma ya kila gurudumu kuna sahani ya chuma, na kutoka kwenye sahani hiyo chatokea kimkono kidogo kilichofungwa fimbo ya chuma au kebo, una breki za fimbo. Fimbo hizo huvutwa na mkono wa breki ulio mbele ya tela, au na shingo ya tela yenyewe inapojisukuma nyuma trekta inapopunguza mwendo, au na pampu ndogo ya mafuta inayounganishwa na trekta kwa mpira. Namna zote hizi tatu huishia pale pale, kwenye kile kimkono, na ndani ya gurudumu kazi ni moja.

Kama badala ya kimkono waona kibomba chembamba cha mafuta kikiingia katika sahani, ekseli yako huenda ilitoka katika gari la zamani, na ndani mna silinda ndogo. Viatu vyake hutolewa kwa namna ile ile, lakini usikanyage wala kuvuta breki wakati dramu imetoka, maana silinda itatema pistoni zake na mafuta yote yatamwagika. Na silinda ikiwa inavuja, hiyo ni kazi ya fundi.

Yapo pia matela yaliyotengenezwa na mafundi wetu kwa ekseli za malori makuukuu, ambayo dramu zipo lakini ndani hamna kitu. Mtu akitazama kwa nje huamini breki zipo. Ukinunua tela iliyokwisha tumika, usilipe kabla ya kuvuta mkono wa breki na kujaribu kuisukuma.

VITU VYA KUTAYARISHA

Tayarisha jeki iwezayo kuinua tani 5, spana ya nati za gurudumu, spana nyingine za kawaida, nyundo, bisibisi kubwa, koleo, brashi ya waya, msasa, vitambaa safi, grisi ya beringi, mafuta ya taa, spiriti kidogo, na maji yenye sabuni. Tayarisha pia sili mpya za grisi, mbili, na pini mpya za miguu miwili, zile za waya zinazozuia nati ya ekseli isifunguke. Pini hizi ni za bei ndogo kabisa katika kazi yote. Usirudishe ya zamani hata ikionekana nzima, kwa kuwa waya ukikunjwa mara ya pili huwa tayari umeanza kukatika.

Viatu vipya usivinunue kabla ya kufungua. Fungua kwanza, uchukue kiatu cha zamani uende nacho dukani. Vilinganishe upana, mpindo na matundu ya springi. Tofauti ya milimita chache huweza kukurudisha Mpeketoni mara ya pili, au Malindi.

KUINUA TELA

Shusha mzigo wote. Iweke tela mahali pa tambarare, pagumu, ikiwa bado imefungwa kwa trekta. Zima mashine ya trekta na ufunge breki yake ya mkono. Tia vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya gurudumu lile usilolifungua, kisha ndipo uiachilie breki ya tela, maana dramu haitatoka viatu vikiwa vimebana.

Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko tela ikiwa bado chini. Ukingoja mpaka gurudumu liko hewani, litazunguka nawe. Kisha tia jeki chini ya ekseli karibu na gurudumu, na chini ya jeki utie ubao mpana, kwa kuwa mchanga wetu humeza jeki.

Sasa sikiliza sana. Tela ikiisha kuinuka, tia chini ya ekseli magogo mawili ya mti mgumu yaliyopangwa sawasawa, na uishushe tela mpaka ikae juu ya magogo. Usitumie mawe ya matumbawe, ambayo hapa Amu na pwani yote tunayo tele. Wala usitumie matofali ya simiti. Mawe hayo yajenga nyumba nzuri yakikaa katika chokaa, lakini yakibeba ekseli mahali pamoja hupasuka ghafula, bila kutoa sauti ya kuonya. Jeki ni ya kuinulia tu, haikutengenezwa kushikilia kitu wakati mtu ameweka mkono au kichwa chini yake. Kama huna magogo, ahirisha kazi mpaka kesho uyapate. Watoto na waende kucheza mbali.

KUTOA DRAMU

Toa gurudumu. Utaona dramu, yaani kile kikombe kikubwa cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Nyuma ya sahani tafuta skrubu ya kurekebishia au kitundu cha kuifikia, uizungushe ili viatu virudi ndani. Katikati ondoa kifuniko cha grisi, nyoosha pini na kuitoa, fungua nati, toa washa, kisha beringi ya nje itatoka mkononi. Iweke juu ya kitambaa safi. Punje moja ya mchanga katika beringi hufanya kazi kama tupa.

Dramu ikikataa kutoka, usiipige ukingoni kwa nyundo. Dramu ni chuma cha kalibu, nacho hupasuka kama chungu. Weka kipande cha mbao na upige pole pole kuzunguka pande zote. Dramu nyingine zina matundu mawili yenye nyuzi za skrubu. Tia bolti mbili humo, uzikaze kwa zamu kidogo kidogo, nazo zitaisukuma dramu nje.

Ndani utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Viatu vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, huleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Limwagie maji ya sabuni, lifute likiwa limelowa, na kitambaa ulichofutia ukifukie. Usikipe mtu kukifua.

TAZAMA KABLA HUJAFUNGUA

Hapa ndipo wengi hujitia tabuni. Springi zikiisha kutoka, kila mtu hufikiri atakumbuka zilivyokuwa, na baada ya kunywa chai hakumbuki. Basi fungua upande mmoja tu, na upande wa pili uuache mzima uwe kielelezo chako. Kama una simu ya kupiga picha, piga. Kama huna, chora. Angalia springi ipi imeingia tundu lipi, na kiatu kipi kiko mbele, kwa kuwa katika breki nyingine viatu viwili havilingani urefu. Kumbuka pia kwamba upande wa pili utakuwa kama sura katika kioo, kushoto na kulia vimebadilishana.

Tazama lainingi, kile kipande kigumu kilichopigiliwa au kubandikwa juu ya kiatu. Ikibaki unene wa milimita 2, au vichwa vya ribiti vikikaribia kugusa dramu, imekwisha. Kama imeloa grisi, imekwisha pia, hata ikiwa nene. Wako watu wanaoimwagia petroli na kuiwasha moto, wakisema grisi yote itaungua. Iliyo juu itaungua, iliyozama ndani itabaki, na siku breki itakapopata joto itatokea tena. Mimi sijaona faida ya kazi hiyo. Afadhali utafute grisi ilikotoka, na mara nyingi ni sili iliyopasuka. Ukitia viatu vipya na kuiacha sili mbovu, umetupa fedha zako.

Sasa toa springi kwa koleo. Geuza uso pembeni unapovuta, kwa maana springi ikiponyoka hutafuta jicho. Toa viatu.

KAMU NA CHUMVI YA BAHARI

Kati ya ncha mbili za viatu kuna chuma chenye kichwa kama yai. Hicho ndicho kamu. Fimbo ikivuta kile kimkono cha nje, kamu hugeuka, na umbo lake la yai huvisukuma viatu viguse dramu. Shike kimkono kwa mkono wako uugeuze. Ikiwa kamu yazunguka kwa urahisi na kurudi, vema. Ikiwa yakwama, umeupata ugonjwa wa tela za pwani.

Upepo wetu wa kusi na kaskazi hubeba chumvi mwaka mzima, na chumvi hula chuma hata mahali ambapo maji hayajafika. Zaidi ya hayo, matela mengi hushuka pwani kuchukua mchanga, au boriti, au mzigo uliotoka jahazini, na wengine huiingiza tela majini mpaka ekseli izame. Maji ya chumvi huingia katika tundu la kamu, na baada ya mwezi mmoja kamu imeshikwa na kutu. Hapo huwa mambo mawili. Ama breki haifungi kabisa, ama hufunga na haiachii, nawe waenda safari yote viatu vikisugua dramu mpaka lainingi iungue. Mkulima huona viatu vimekwisha upesi na kulaumu duka lililomwuzia, kumbe viatu vilikuwa vizuri, ni kamu.

Kwa hiyo usitie viatu vipya juu ya kamu iliyokwama. Fungua kimkono, toa kamu nzima, uisugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, safisha na tundu lake pia, paka grisi kidogo, uirudishe. Kabla ya kufungua kimkono, tia alama kwa tindo juu ya kamu na juu ya kimkono, ili virudi kukaa vilivyokuwa. Nasema grisi kidogo. Ukijaza, ikipata joto itayeyuka na kurukia lainingi mpya, na utarudi mwanzo.

Sugua pia sahani, hasa zile sehemu ndogo zilizong'aa ambapo viatu huteleza. Paka hapo grisi nyembamba kama mafuta ya nywele.

Dramu isafishe kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha uifute kwa spiriti. Usiioshe kwa mafuta ya taa, huacha utando wa mafuta. Pitisha kidole ndani. Mikwaruzo midogo haina neno. Kama kuna mifereji inayoshika ukucha, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, au mabaka ya buluu yaliyotokana na moto, hiyo si dramu tena. Usikubali mtu aichomelee.

VIATU VIPYA

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua viatu kamili. Ya pili ni kununua lainingi na ribiti zake na kupigilia juu ya viatu vyako vya zamani, kama havijapinda. Njia ya pili ni rahisi kwa bei lakini yataka subira. Toa ribiti za zamani, sugua kutu yote, kisha anza kupigilia ribiti za katikati ukielekea kwenye ncha. Ukianza kwenye ncha zote mbili, lainingi itatuna katikati, na lainingi iliyotuna huvunjika. Ukimaliza, tazama kama mwanga wapita kati ya lainingi na kiatu. Ukipita, toa ribiti uanze tena.

Na kwa njia yo yote utakayoichagua, tengeneza magurudumu yote ya ekseli ile siku ile ile. Tela yenye breki upande mmoja ni mbaya kuliko tela isiyo na breki, kwa sababu huvuta upande mmoja na kuitoa trekta barabarani. Najua bei ya viatu vinne si sawa na ya viwili. Kama fedha hazitoshi, ngojea ziwe tayari, na mpaka siku hiyo beba mzigo mdogo na uende pole pole.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika viatu vipya. Vitie mahali pake, rudisha springi kama picha yako inavyoonyesha, kisha gonga kidogo kwa mpini wa nyundo ili vikae katikati.

BERINGI NA NATI YA EKSELI

Osha beringi kwa mafuta ya taa na kuzikausha kwa kitambaa. Kama vigoli vyake vimechubuka au vina madoa ya kutu, tia mpya. Weka grisi katika kiganja, kisha ikamue beringi juu ya grisi hiyo mpaka itokee upande wa pili. Gonga sili mpya mahali pake kwa kipande cha mbao kilicho bapa. Rudisha dramu bila kugusa ndani yake kwa vidole vya grisi.

Kaza nati ya ekseli huku ukiizungusha dramu, mpaka uone yazunguka kwa uzito. Kisha irudishe nyuma kidogo, sehemu ya sita ya mzunguko hivi, mpaka tundu la kwanza la pini lionekane. Tia pini mpya na kukunja miguu yake. Dramu yapaswa kuzunguka kwa urahisi bila kuchezacheza. Nati iliyokazwa mno huunguza beringi, na iliyolegea hulitupa gurudumu njiani.

KUREKEBISHA

Zungusha skrubu ya kurekebishia mpaka dramu isimame kabisa, halafu irudishe kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru, likitoa sauti nyembamba tu ya kusugua. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Baada ya hapo ndipo ufunge fimbo. Breki ikivutwa kwa nguvu, fimbo na kimkono vikutane kama pembe ya meza. Vikilala karibu mstari mmoja, nguvu ya dereva yapotea bure.

Viatu vikipungua, mkulima asiye na habari huifupisha fimbo badala ya kuizungusha skrubu. Kwa wiki chache breki hushika. Lakini kila akifupisha, kamu hugeuka zaidi, na siku moja kichwa chake cha yai hupinduka na kubaki hapo. Gurudumu hufunga na haliachii tena, au kamu hukosa nguvu ya kusukuma kabisa. Fimbo ikiisha kufungwa sawasawa, iache.

Kama tela yako hujifunga breki kwa shingo yake, safisha na kutia grisi shingo hiyo pia. Ikishikwa na kutu, haiendi nyuma, na viatu vyako vipya havitapata amri yo yote.

Rudisha gurudumu, kaza nati kwa kuvuka, hii kisha ile inayoikabili, na uzimalize kukaza tela ikiwa imekwisha kushuka chini.

JARIBIO

Usijaribu na mzigo, wala usijaribu barabarani. Chukua tela tupu shambani mahali pa tambarare. Nenda kwa kilomita 10 kwa saa na ufunge breki ya tela peke yake. Shuka utazame alama ardhini. Alama za kushoto na kulia zilingane. Kama moja ni ndefu na nyingine haipo, rekebisha tena. Kisha funga na kufungua breki pole pole kama mara 20, ukipumzisha katikati, ili lainingi mpya ipate kuizoea dramu. Sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto na ya pili baridi, kazi haijakwisha.

Halafu pakia nusu ya mzigo, jaribu tena. Mwisho ipeleke mahali penye mteremko mdogo, ufunge breki ya mkono, na utazame kama tela yajishikilia yenyewe. Wakati wa jaribio hili tu, weka vizuizi hatua moja nyuma ya magurudumu, na mtu ye yote asisimame hapo.

Na dereva wako, kabla hajaingia lami, aunganishe pedali mbili za breki za trekta kwa kile kifungo chake. Shambani pedali hutumika moja moja ili trekta igeuke upesi mwisho wa mtaro. Barabarani, ukikanyaga moja tu huku tani 4 zinakusukuma nyuma, trekta hugeuka kabla hujasema neno.

Ukiona ekseli ina ufa, au shingo ya tela imechomelewa mara kadhaa, au mpira wa mafuta unavuja, simama hapo na umwite fundi aliyefunzwa. Kazi hizo hazimo katika somo hili.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, kaza tena nati za magurudumu. Baada ya wiki moja zungusha tena skrubu za kurekebishia, kwa kuwa viatu vipya hupungua upesi mwanzoni. Na kila tela inapoingia katika maji ya bahari, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya kisima, mwagia sahani na vimkono kwa wingi, kisha iburute mita mia hivi huku breki imeshikwa kidogo ili viatu vikauke. Andika kwa rangi juu ya shingo ya tela tarehe uliyotia viatu, ili hata mtu atakayeiazima aione.